Raundi Iliyomezwa na Vumbi

Sehemu ya kumi na moja

"Kaa hapo hapo! Usisogee hata inchi!"

Jamaa mwenye suruali nyeupe alikuwa amesimama mbele ya gari namba 68, mikono ameitanua kama anayezuia ng'ombe asiingie shambani. Lonzo Hargett alikanyaga breki. Gari likakohoa, likatetemeka, likazima.

Mlimwacha akivuka mstari wa mwisho, bendera ya miraba juu ya kichwa chake, gari la kijani la Skip Barlowe likiwa nyuma yake kwa urefu wa boneti. Najua wapo waliofunga gazeti wiki iliyopita wakashangilia. Mmoja ameniandikia barua ya pongezi, utadhani mimi ndiye niliyeshika usukani. Poleni nyote.

"Nipishe," Lonzo alisema. "Naelekea kwenye jukwaa la mshindi."

"Jukwaa limeshapata mtu."

"Mtu gani? Mshindi ni mimi!"

Jamaa alisogea pembeni kidogo ili Lonzo ajionee mwenyewe.

Juu ya jukwaa Skip Barlowe alikuwa amelikumbatia kombe. Ameshafutwa uso kwa taulo, amevishwa kofia mpya ya kampuni inayomlipa, na msichana mwenye utepe kifuani anambusu shavuni huku wapiga picha wakimwomba arudie.

Kipaza sauti kikaguna.

"Mabibi na mabwana, matokeo ya Cutler's Ford! Wa kwanza, Skip Barlowe, raundi mia mbili! Wa pili, Lonzo Hargett, raundi mia moja tisini na tisa!"

Mia moja tisini na tisa. Lonzo alilirudia neno hilo kimoyomoyo mara tatu, na kila mara liligoma kuingia akilini.

Alitoka kupitia dirishani, maana milango ya gari lake ilikuwa imechomelewa siku nyingi. Uso wake wote ulikuwa udongo mwekundu, isipokuwa miduara miwili ya macho. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia kwenye kiwanda cha nguo. Jumamosi na Jumapili alikuwa dereva wa kujitegemea, maana yake hana kampuni, hana lori la vipuri, hana chochote ila gari kuukuu la polisi wa kaunti alilolisuka upya mwenyewe ndani ya banda la kuku.

Miaka kumi na moja. Mashindano mia moja sitini na matatu. Mara ekseli imekatika, mara tairi limepasuka, mara mafuta yamekwisha akiliona jukwaa kwa macho. Ushindi, sifuri. Alichotaka katika maisha haya kilikuwa kimoja tu: jina lake lisomwe la kwanza, mara moja, kabla mgongo haujamkatalia kabisa.

"Shemeji!" Dewitt alikuwa anakuja mbio, spana mkononi. Huyu ni kaka wa mke wake, fundi bomba wa siku za kazi na mbadilisha tairi wa siku za mbio. "Shemeji, wametuibia! Nionyeshe wa kuanza naye!"

"Weka spana chini."

"Naiweka vipi chini wakati..."

"Dewitt! Weka chini. Raundi imepotea wapi?"

Dewitt aliishusha spana. "Wanasema kadi ndiyo imekosa."

Lonzo akageuka taratibu kulitazama banda la washika kadi.

Kwa asiyejua mambo yetu ya Cutler's Ford, hakuna mashine ya kuhesabu hapa. Kila gari linakuja na mtu wake, na mara nyingi ni mke wa dereva. Anakaa bandani, kadi magotini, saa kubwa mbele yake. Gari lake likipita mstari, anaandika saa. Likipita tena, anaandika tena. Asipoandika, hukupita, hata kama kaunti nzima imekuona. Mimi mwenyewe niliwahi kushika kadi misimu miwili. Ni kazi ya kukausha koo, na shukrani yake ni kelele.

Mshika kadi wa gari namba 68 alikuwa Verla, mke wa Lonzo.

*

Lonzo alimkuta chini ya ngazi za banda. Verla alikuwa amesimama peke yake, mkoba ameubana kifuani kwa mikono miwili, mikono imejificha nyuma ya mkoba.

"Ulikuwa umelala?" Lonzo alipaza sauti.

"Lonzo, twende pembeni."

"Pembeni kufanya nini? Semea hapa! Mimi nakula vumbi saa mbili nzima, wewe kazi yako ni kuandika tu. Kuandika! Hata mtoto wa darasa la pili anaweza!"

Watu waligeuka. Muuza karanga za kuchemsha aliacha kuita wateja. Wake wa madereva wengine walikuwa wanashuka ngazi, na kila mmoja alipata ghafla kitu cha kutafuta kwenye mkoba wake.

"Penseli yako iko wapi?" Lonzo aliendelea. "Ile nyekundu niliyokutolea kiwandani. Nionyeshe hiyo penseli iliyoshindwa kuandika!"

"Sina."

"Huna?"

"Sinayo, Lonzo. Tafadhali. Twende pembeni."

Kulikuwa na kitu katika hiyo "tafadhali". Miaka kumi na minne ya ndoa, Verla hakuwa mtu wa kuomba. Ndiye aliyemwambia mchungaji mbele ya kwaya nzima kwamba mahubiri yake ni marefu. Lonzo akamfuata nyuma ya lori lao la kubebea gari, bado anafura.

"Haya. Sema."

"Raundi ya mia na arobaini na saba," Verla alisema. "Magari sita yaligongana mbele yako."

"Najua. Nilikuwepo."

"Vumbi lilifunika kona yote. Nikaona moto kidogo. Nikaona kitu cha bluu kinapinduka, nikadhani ni wewe."

"Lilikuwa gari la Mackie. Mimi nilipita katikati, nikalinda tairi, nikazunguka. Sikusimama hata sekunde!"

"Sasa najua. Wakati ule sikujua." Akaubana mkoba zaidi. "Niliondoka kitini."

Lonzo alimsogelea hatua moja.

"Niliruka ngazi, nikakimbilia uzio. Nikaushika ule waya, nikasubiri. Nilijiambia akitokea nitarudi. Ukatokea. Nikataka kurudi. Lakini kila nilipogeuka nilisikia unakuja tena, nikageuka tena. Halafu ukaanza kuwapita. Wa tano, wa nne. Ukampita Skip. Lonzo, hujawahi kuongoza mbio zikiwa zimebaki raundi kumi na tano! Ningekwendaje kukaa?"

"Ulikaa kwenye uzio mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Raundi hamsini na tatu?"

"Sikuwa nahesabu."

"Hilo ndilo tatizo!" Lonzo alipiga teke tairi la lori, akaumia, akazidi kukasirika. "Nani sasa aliandika hizo nyingine? Kadi ina tisini na tisa juu ya mia. Kuna mtu ameandika!"

Verla akatazama chini.

"Nani, Verla?"

"Aliyekaa karibu yangu. Nilimtupia kadi na penseli nikikimbia. Hata sikumwambia neno. Aliokota mwenyewe. Ile moja iliyopotea, nadhani ilipita akiwa anainama kuokota."

"Nani?"

"Nadine."

Lonzo akacheka, lakini si kicheko ambacho mtu angependa kukisikia.

"Nadine Barlowe. Mke wa Skip."

"Ndiye ninayekaa naye. Miaka minne tunakaa pamoja bandani."

"Umechukua mbio zangu ukampa mke wa Skip azishike magotini!"

"Usimseme vibaya! Angetaka kukudhuru angeiacha kadi pale chini. Ameandika magari mawili, penseli mbili, peke yake, raundi hamsini na tatu. Mimi siwezi. Wewe huwezi. Amekosa moja."

"Amekosa ile ile inayomfaa mumewe!"

"Lonzo Hargett, niangalie usoni. Ulipovunjika mguu nani alileta chakula nyumbani wiki tatu? Skip alijua? Hajui mpaka leo. Usimtaje Nadine. Niahidi."

Lonzo hakuwa na hamu ya kuahidi chochote. Alikuwa na hamu ya kuvunja kitu. Lakini jina lao lilikuwa limeshaitwa kwenye kipaza sauti, gari namba 68 lifike ofisini na mshika kadi wake, haraka.

"Sikiliza," alisema, akimshika bega. "Kwenye kadi, alama mbili lazima zimepishana dakika moja na kitu, sivyo? Hizo ni raundi mbili, kila mwenye akili anaona. Bibi Causey pale ofisini anaruhusu raundi irudishwe mshika kadi akiapa. Sema ulikuwa kitini. Sema uliona napita, vumbi likakuingia machoni, ukakosa kuandika. Basi."

"Nilikuona unapita. Hilo ni kweli."

"Umeona? Ni kweli tupu!"

"Sikuwa kitini."

"Neno moja, Verla. Miaka kumi na moja kwa neno moja."

Verla akainamisha kichwa kukubali, na Lonzo aliyetaka hasa akubali akajisikia vibaya, wala hakujua kwa nini.

"Na Nadine?" Verla aliuliza.

"Simtaji. Haya, nimeahidi. Twende."

*

Ofisi ilikuwa chumba cha mbao chini ya majukwaa ya watazamaji, feni moja, meza moja, na joto la kuoka mkate. Nyuma ya meza alikaa Bibi Imogene Causey, mkuu wa washika kadi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Kando yake Bwana Yount, mwenye uwanja, alikuwa anajipepea kwa kofia. Dewitt aliachwa mlangoni, yeye na spana yake.

Skip Barlowe alikuwa ameshakaa, kombe mapajani. Nyuma ya kiti chake alisimama Nadine, mwembamba, gauni la njano.

"Ooh, fundi nguo huyo!" Skip alisema. "Karibu bwana. Nasikia umepoteza raundi. Umetazama chini ya kitanda?"

"Skip," Bwana Yount alionya.

"Namtania jamani! Mtu kaendesha vizuri kwa dereva wa wikendi. Kesho anawahi zamu, tusimcheleweshe."

Lonzo alikunja ngumi ndani ya mfuko wa ovaroli.

Bibi Causey aliweka kadi mezani. "Nimeitazama. Raundi ya mia na arobaini na sita, halafu dakika moja na sekunde nane bila alama. Ama gari limezunguka mara mbili, ama limezunguka mara moja na kusimama ndani ya lile vumbi."

"Sikusimama," Lonzo alisema.

"Alisimama," Skip alisema. "Kila mtu alisimama. Hata mimi nilipunguza."

"Ulipunguza kwa sababu uliogopa!"

"Na wewe hukuogopa, ndiyo maana uko wa pili."

"Nyamazeni wote wawili." Bibi Causey alishusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya puani. "Bi Hargett, kuna jambo jingine. Tarakimu zako za nne mpaka raundi hiyo zimefungwa juu. Baada ya hapo zote ziko wazi. Saba zako zilikuwa na tumbo, sasa zimenyooka. Hamsini na tatu, zote hivyo."

"Mkono ulitetemeka," Verla alisema kwa sauti ndogo.

"Mkono unaotetemeka hauandiki vizuri zaidi kuliko ulivyoandika mwanzo."

Bwana Yount alikohoa. "Imogene, tusiende mbali. Utaratibu tunaujua. Mama ataapa kwamba alikuwa kitini na aliona gari linapita. Akiapa, muda unakubali, raundi inarudi. Gari namba 68 linakuwa la kwanza."

"Haiwezekani!" Skip aliruka, kombe likagonga meza. "Ataapa uongo!"

"Kaa chini. Huyu mama anafundisha watoto wa kanisa letu. Akiapa, mimi nimeridhika."

Biblia ilitoka kwenye droo. Jalada lake lilikuwa na duara la kikombe cha kahawa.

"Mkono wa kushoto hapa," alisema Bibi Causey. "Wa kulia juu."

Verla hakusogea. Mkoba ulikuwa bado kifuani, mikono bado nyuma yake.

"Mama?"

Lonzo alikuwa karibu kupasuka. Fanya haraka, alikuwa anamwomba kimoyomoyo. Neno moja. Alishaanza kusikia kipaza sauti kikisahihisha matokeo. Alishaanza kumwona jamaa wa suruali nyeupe akisogea pembeni.

Verla aliweka mkoba mezani. Akaweka mkono wa kushoto juu ya kitabu. Akainua wa kulia.

Kiganja kilikuwa kimechanika. Matundu ya uzio yalikuwa yamejichora humo, pembe kwa pembe, kutoka kidole gumba mpaka kifundo cha mkono, na katika kila mstari damu ilikuwa imeganda pamoja na udongo mwekundu. Raundi hamsini na tatu. Haachii, hasogei, anabana waya tu.

Bibi Causey alivua miwani moja.

Lonzo aliutazama ule mkono. Alikuwa ameambiwa kuhusu uzio, alisikia, alipiga teke tairi. Hakuwa ameuona. Ulikuwa umeinuliwa hewani, mkono wa mtu ambaye yeye alimtangaza mjinga mbele ya muuza karanga, na sasa alikuwa anausimamisha pale ukadanganye kwa niaba yake.

"Naapa," Verla alianza, "kwamba nilikuwa..."

"Shusha mkono," Lonzo alisema.

"Lonzo..."

"Nimesema shusha! Hakuwepo kitini, Bibi Causey. Alikuwa kwenye uzio, ananitafuta kwenye vumbi. Tangu mia na arobaini na saba mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyemtuma aseme vingine. Haya, andikeni! Andikeni mnavyotaka, nimechoka!"

Feni ilizunguka. Dewitt mlangoni alitoa sauti kama aliyekanyagwa.

"Unajua maana yake?" Bwana Yount aliuliza taratibu.

"Najua."

"Mshika kadi akiondoka kitini, kadi yote inafutwa. Huwi wa pili. Unakuwa wa mwisho. Wa ishirini na nne."

"Hata yule aliyevunja gia akizunguka kupasha gari moto kabla mbio hazijaanza?"

"Hata yule yuko mbele yako."

Lonzo alicheka tena kile kicheko kibaya. Wa mwisho. Alikuwa ameendesha mbio nzuri kuliko zote maishani mwake, amemwacha nyuma dereva wa kampuni kwa gari lililosukwa kwenye banda la kuku, na atarudi kiwandani kesho akiwa nyuma ya gari ambalo halikumaliza hata raundi moja. Angelia, kama asingekuwa na Skip mbele yake.

Bibi Causey akachukua kadi ya 68, akaipiga mstari kona hadi kona. Verla alifumba macho kalamu ilipokuwa inapita.

Hapo mambo yangeishia. Mtu mwenye busara angechukua kombe lake, angesema poleni, angetoka. Lakini mnamfahamu Skip Barlowe. Hajawahi kushiba.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hatujamaliza."

"Umeshinda, Skip," Bwana Yount alisema. "Nenda nyumbani."

"Siendi! Kuna mtu aliandika ile kadi. Mama huyu alikuwa kwenye uzio, nani alishika penseli? Hawa wa kujitegemea wanabebana, kila mtu anajua. Wa tatu ni wa kujitegemea, wa tano ni wa kujitegemea. Mke wa mmoja wao alikuwa anampa Hargett raundi za bure hapo bandani!"

"Raundi za bure?" Lonzo alisema. "Zimepungua, bwana! Zimepungua moja!"

"Kanuni isomwe. Yote. Nataka kila mtu aisikie."

"Skip," Nadine alisema nyuma yake. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Twende, mume wangu. Inatosha."

"Haitoshi! Hujui mambo haya, mama, nyamaza. Bibi Causey, soma."

Bibi Causey alifungua daftari la kanuni. Hakuhitaji kutafuta ukurasa.

"Gari moja, mshika kadi mmoja, kadi moja," alisoma. "Mshika kadi akiondoka kitini, kadi yake inafutwa. Na mshika kadi atakayeandika kadi ya gari jingine, kadi zote mbili zinafutwa, bila kujali nafasi."

"Zote mbili!" Skip alipiga goti. "Umesikia, Yount? Zote mbili! Sasa nataka jina."

Lonzo alihisi jina limejaa mdomoni mwake kama mate ya moto. Neno moja. Nadine. Lingetoka tu, kombe lingetoka mapajani mwa yule bwana, na kicheko chake kingeondoka nalo. Asingeshinda yeye, lakini Skip naye asingeshinda. Alimtazama Verla. Verla alitikisa kichwa, kidogo sana, hapana.

Alikuwa ameahidi. Laana ya Mungu, alikuwa ameahidi.

"Mtaje!" Skip alisimama, uso kwa uso naye. "Unaogopa nini? Mtaje huyo mwizi wa penseli!"

"Sina la kusema."

"Unaona? Anamficha! Bi Hargett, na wewe? Mwanamke wa Biblia! Nani?"

"Alinisaidia," Verla alisema. "Sitamtaja hata mkinifungia humu mpaka Krismasi."

"Basi nitawaita wote! Kila mwanamke wa lile banda aje hapa aandike nne na saba mbele yangu, tuone nani nne zake ziko wazi! Sheria ni sheria! Hata akiwa nani, gari lake litoke! Nasema hata akiwa nani!"

"Umesema, Skip?" Bibi Causey aliuliza. Alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anatazama juu ya bega lake. "Unasimamia neno lako? Hata akiwa nani?"

"Nasimamia! Naapa nitaifuata sheria!"

Nyuma yake, bila kelele yoyote, Nadine Barlowe aliinua mkono.

Kiganja chake kilikuwa safi, isipokuwa weusi wa risasi ya penseli ubavuni, uliopanda mpaka karibu na kifundo. Na kati ya vidole vyake alikuwa ameshika penseli mbili: moja ya njano, yake mwenyewe, na nyingine nyekundu, fupi, ya kiwanda cha nguo.

Skip bado alikuwa anamkodolea Lonzo macho, akisubiri jibu, kombe amelikumbatia kwa mikono miwili.